Cresensia kumi na mmoja wasioitika

Saa nne asubuhi, vumbi la kijiji cha Olbalbal limeshafika kwenye kope. Mzani wa kupimia watoto unaning'inia kwenye tawi la mgunga, na chini yake muuguzi Cresensia Tluway ameshika rundo la kadi za kliniki. Anaita jina la kwanza: "Cresensia."

Anaita tena, safari hii kwa sauti ya juu. Akina mama wa Kimaasai waliopakata watoto wanatazama chini, na mmoja anaziba mdomo kwa shuka.

Jambo hilo linamchanganya, maana katika kadi hizo wamo Cresensia kumi na mmoja, na wote walipewa jina lake yeye.

Jina lenyewe aliwahi kulichukia. Alibatizwa Karatu miaka hamsini na saba iliyopita, akarithi jina la bibi yake, na hata wakati huo lilikuwa la kizee. Shuleni wenzake walimuuliza kama alizaliwa na mkongojo. "Nilijiapiza mtoto wangu hataubeba mzigo huu," anasimulia. Mungu hakumjalia mtoto, basi kiapo kikajitimiza chenyewe.

Miaka minne iliyopita, katika mvua za masika, gari la kliniki lilikwama topeni, naye akamzalisha Naisula, mama wa boma la jirani, kando ya njia huku wanawake wawili wakiwashikia turubai. Siku ya sherehe ya jina, mtoto akaitwa Cresensia. Jirani naye akalitaka, na jirani wa jirani. Kila boma lililitamka lilivyoweza: huku Kiresensia, kule Kelesensia, na bibi mmoja akakata kona kabisa, akasema Sensi. Nesi aliitika yote.

Januari alifanyiwa upasuaji, akapumzika miezi mitano. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi, na tangu ashuke garini haelewi kitu. Zamani wangegombania kumpokea mkoba; leo walisimama mbali wakimkodolea macho. Anamwona binti wa Naisula, anamwita kwa jina. Mtoto anamtazama mama yake.

"Huyu anaitwa Nasieku," anasema Naisula, bila kuinua uso.

Cresensia anaziweka kadi mezani. Amemuudhi nani? Kuna mtoto alidhurika na chanjo? Anamuuliza Antonia, muuguzi aliyemshikia nafasi, naye anajibu kwamba aliambiwa majina mapya mwezi hadi mwezi, akayaandika daftarini bila kugusa kadi, akadhani la zamani limepitwa na wakati. Jibu hilo linamuuma Cresensia, wala hafichi.

Ndipo anainuka koko Naeku, bibi anayeheshimiwa na maboma yote ya hapa. Anamshika nesi mkono, anauminya taratibu, kama anayetaka kujua una joto. Kisha anaeleza.

Vijana waliopeleka ng'ombe mnadani Karatu walirudi na habari kwamba Cresensia amezikwa. Na kweli alizikwa, ila ni ajuza mwingine wa mjini mwenye jina hilohilo. Huku, jina la ndugu aliyefariki halitamkwi tena, na mtoto aliyekuwa nalo hutafutiwa jingine. Wakafanya hivyo kwa wote kumi na mmoja.

"Jina ya mgeni tungeendelea kuita," anasema Naeku. "Mtu yetu akienda, jina yake tunaificha."

Cresensia anacheka, kisha machozi yanamtoka. "Sijui nifurahi au nilie," anasema. "Wamenizika, kumbe ndiyo siku waliyonifanya ndugu."

Anauliza kama watoto watarudishiwa jina. Naeku anatikisa kichwa: majina mapya yameshabarikiwa, na jina halivuliwi kama shuka. Basi nesi anachukua kalamu, anaandika jina jipya kwenye kila kadi, lakini lile la zamani halifuti.

Imebaki miaka mitatu astaafu. Anatamani kabla ya siku hiyo amsikie walau mtoto mmoja wa Olbalbal akiitwa jina la bibi yake, kwa matamshi yoyote.

Wakati mzani unafunguliwa, Naisula anasogea, mkono tumboni. Ana mimba ya miezi saba. Anauliza kwa sauti ya chini kama nesi amepona kabisa, na Cresensia anamwambia amepona.

"Basi usife kwanza, Nesi," anasema Naisula. "Huyu hana jina bado."