Jinsi Nilivyoling'arisha Ua la Daktari

Nichekeni mapema tuyamalize, maana aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha. Mimi ni mfagiaji wa maabara moja ndogo huku juu ya Lushoto, na bosi wangu ni daktari wa mimea, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza (kila asubuhi ni shikamoo mama kabla hajavua koti la baridi), lakini kwa kazi anayoifanya ningetamani nimwamkie mimi. Anachukua sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, anaichoma kwenye seli moja tu ya jani, jani lenyewe liko hai kwenye mche wake, ananyonya utomvu usioonekana kwa macho, anaupeleka kwenye mashine, na mashine inachora vilima kwenye skrini kumwambia humo mna sukari gani, dawa gani, sumu gani. Aliwahi kunichungulisha kwenye hadubini, nikaona vitu vinatembea ndani ya kaseli kale, nikasahau hata deki.

Sasa siku hiyo wageni wanatoka mjini kuja kuamua mashine ibaki kwetu au ihamishwe, na Daktari anazipanga upya sindano zake kwa mara ya tatu. Nikasema ngoja nimsaidie. Ua lake, lile la zambarau la kwenye miamba ya msituni, majani yana manyoya, manyoya yananasa vumbi, na mgeni haonyeshwi vumbi, basi nikachukua kitambaa na mafuta ya alizeti kidogo, nikayafuta yakang'aa kama viatu vya kipaimara.

Wageni wakajaa. Daktari akachoma unyoya mmoja wa jani, mashine ikachora mlima mkubwa kwenye skrini, yeye akakunja uso, lakini mzee mmoja wa suti akasimama.

"Hiki hatujawahi kukiona kwenye ua hili. Huu ni ugunduzi, Daktari."

Wenzake wakatoa simu, wakapiga picha. Nikaona mtoto wa watu anavishwa kilemba cha ukoka mbele yangu, nikashindwa kunyamaza.

"Ni mafuta ya alizeti, mzee. Nimeyapaka mimi asubuhi."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Daktari hakucheka. Akaligeuza jani polepole, akatafuta upande wa chini ambako kitambaa hakikufika, akachukua sindano mpya, akachoma. Safari hii vikatokea vilima vidogo vidogo, akavieleza kimoja kimoja, na yule mzee akasogeza kiti karibu kama mwanafunzi.

Mashine imebaki. Walipoondoka nikamwomba radhi huku nalia, akanishika bega.

"Mama, ungenyamaza, ningetangazia dunia mafuta ya kupikia."

Nikaapa pale pale: aje waziri, aje nani, vumbi la majani ni la Daktari, langu mimi ni la sakafuni.