Uzi Mwekundu wa Bi Siki

Wifi yangu ana pua iliyokufa, na hilo nalisema mbele yake na nyuma yake. Mtu mwenye pua nzima hawezi kulala ukuta mmoja na mitungi ya maganda ya nanasi yanayochacha, kisha akaamka anaimba. Nilipohamia kwa kaka yangu nilidhani panya kafia chini ya kabati. Nikafagia, nikapiga deki, nikasogeza vitanda. Kumbe ni mke wa kaka anatengeneza siki. Majirani walishampa jina zamani: Bi Siki.

Kazi yake ni udobi. Mashati meupe ya watu yanakuja na madoa ya kutu, ya misumari na ya waya za kuanikia, naye ameapa kwamba hakuna doa litakalomshinda. Dawa ya dukani ilimtobolea shati la bwana harusi, akalia siku nzima. Tangu hapo anatengeneza dawa zake mwenyewe katika chumba cha nyuma: siki ya maganda, na maji ya ndimu anayoyachemsha kwa moto mdogo mpaka yanakuwa mazito. Mitungi ya siki haifungi kwa kifuniko, anaifunika kitambaa, kwa sababu maganda yakichacha yanatoa hewa, na mtungi uliobanwa hupasuka.

"Siki lazima ipumue, wifi," aliniambia.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

Mle chumbani kuna sheria nyingi kuliko mahakamani. Dirisha wazi, glavu mkononi. Siki na klorini ya kung'arishia haziingii beseni moja. "Hao ni wake wenza," anasema, "ukiwafungia chumba kimoja wanatoa moshi wa kuua mtu." Akizimua kitu kikali, anatangulia kuweka maji, kisha kile kikali kinafuata kidogo kidogo. Mkali ndiye amfuate mpole, kinyume chake ni kurukiwa usoni.

Lakini sheria kubwa ni ya uzi. Chupa yoyote yenye kitu kisichonywewa anaifunga uzi mwekundu shingoni, hata ya sabuni ya vyombo. Na chupa ya maji ya kunywa haitiwi kitu kingine, hata ikiwa tupu mwaka mzima. Nilimcheka. Nikamwambia si aandike tu majina, kwani sisi hatukusoma? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kiu haijui kusoma, wifi."

Basi jirani mmoja, ambaye mdomo wake hauna kifuniko wala kitambaa, akaenda kwa mama mwenye nyumba kumwambia kwamba Bi Siki anatengeneza tindikali. Na hakusema uongo, maana siki ni tindikali, ila dhaifu. Lakini neno hilo ukilitaja mtaani watu wanashika nyuso zao. Mama mwenye nyumba akatuma salamu kwamba anakuja na kufuli, na akikuta ni kweli, chumba cha nyuma kinafungwa.

Wifi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaitazama mitungi yake. Bila chumba kile hana kazi, na bila kazi ile simjui atakuwa mtu gani. Nilikasirika mpaka nikajishangaa. Wifi yangu namsema mimi. Huyo jirani ni nani?

Mama mwenye nyumba alifika jua kali, kapanda ngazi huku anahema, kufuli mkononi. Akaliweka mezani. Wifi alivaa glavu akamwonyesha kila kitu, hata maana ya ule uzi. Alimtolea doa la kutu mbele ya macho yake, akachota siki kwa kijiko akailamba. Mama hakulegea.

"Leo siki, mwanangu. Kesho je?"

Tukiwa hapo kaka akaingia kutoka gereji, mikono myeusi kwa oili, na chupa ya maji ya dukani kwapani. "Mke wangu, maji hayo," akasema, akaitua mezani, akapitiliza kwenda kunawa.

"Afadhali," akasema mama mwenye nyumba, koo limemkauka. Akaivuta, akafungua kizibo.

Wifi hakupiga kelele. Alifunika mdomo wa chupa kwa kiganja chenye glavu, akaishusha mezani taratibu. "Usinywe, mama. Hii siijui." Kisha akaita, "Baba watoto, umeleta nini?"

"Maji ya betri," kaka akajibu kutoka bafuni, sauti imejaa furaha. "Jamaa wameniambia yanakula kutu mara moja. Nimekuonea huruma kwa kusugua kwako."

Gerejini kwao wanaita maji tu. Siku nzima ni leta maji, ongeza maji, na ni tindikali ile ya kuchoma utumbo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshika koo lake kwa mikono yote miwili.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Kizibo kilishafunguliwa kabla yako, hakikulia," wifi akasema. "Halafu, mama, huyu bwana tangu anioe hajawahi kuniletea maji ya kunywa."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Kaka alisimama mlangoni, povu la sabuni mikononi, uso umemshuka. Mkewe akamwambia airudishe gereji, itiwe kwenye chombo chake, asithubutu kuimwaga mtaroni. "Hiyo siitengenezi wala siitaki humu. Inakula kutu na shati lake."

Mama mwenye nyumba alikuwa anazitazama zile shingo nyekundu za chupa rafuni. Nilidhani anatafuta maneno ya kutufukuza.

"Mwanangu," akasema, na sauti haikuwa tena ile ya kuuliza kesho je, "mafuta ya taa kwangu nimeyatia kwenye chupa ya soda. Ipo chini ya meza. Wajukuu wanacheza hapo hapo."

Akasimama. "Nikatie uzi."

Wifi hakukata. Alimpa kibunda kizima. Mama mwenye nyumba akashuka ngazi mbio kuliko nilivyodhani miguu yake inaweza, uzi kifuani, na kufuli akaliacha mezani.