Mwalimu wa Shule ya Mto Mkavu

Kitambaa kipya kina harufu yake kabla hakijaonja maji. Ni harufu ya wanga na mafuta ya mashine, kavu, inayokwaruza koo, na hadi leo nikikaribia duka la sare za shule navuka barabara nikapite upande wa pili. Mwaka ule nyumba yetu ya Makongeni, pale Thika, ilinuka hivyo kuanzia mlangoni hadi chini ya vitanda. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba kilikuwa kimefunga idara yao, na siku ya kuagana kila mfanyakazi alipewa jora la kitambaa. La baba lilikuwa la kijani chenye miraba myeupe. Alilibeba begani kutoka kiwandani, akalitua juu ya meza ya chakula, akaketi kulitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyesema atakaa siku ngapi. Upepo ukigeuka, harufu ya mananasi yaliyokuwa yakichemshwa upande wa pili wa mji iliingia dirishani ikachanganyika na ile ya jora, na tukawa tunakula, tunasoma na kugombana ndani yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kiwanda, na tulitakiwa tuwe tumetoka kabla ya mwaka mpya. Tulikuwa watoto kumi. Wenye nyumba wa Thika walikuwa wakisikia idadi hiyo wanacheka kwanza, halafu wanakumbuka kwamba chumba kilishachukuliwa na mtu mwingine. Wazazi wangu wote wawili walitoka Bungoma, kwa hivyo baba aliandika barua nyumbani, na majibu yakaja moja baada ya jingine: nyanya angewachukua pacha na wawili wanaowafuata, mjomba wa Kitale angemchukua Wekesa, kaka yetu mkubwa, amsaidie shambani huku akimaliza shule, na wengine wangegawanywa huku na kule. Shangazi Rispa, dada yake baba, alikaa Membley, upande wa Ruiru, kwenye nyumba zenye ua na lango la pamoja. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Aliomba apewe Naliaka, kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka minne. Mimi ningebaki na wazazi kwa sababu mama alihitaji mkono wa kumsaidia kazi ya cherehani. Hayo tulielezwa Wekesa na mimi peke yetu. Wadogo hawakuambiwa kitu, na sisi tulikatazwa kufungua mdomo.

Ndipo mama alipoleta habari ya bustani ya michezo. Ilikuwa upande wa Nairobi, ina gurudumu kubwa linalopanda juu ya miti, treni ndogo, farasi wa kuzunguka na magari ya kugongana. Mtoto mmoja wa darasa letu alikuwa amepelekwa huko, na kwa muhula mzima hakuwa na hadithi nyingine. Mama alitaka twende wote kumi, siku moja tu, kabla hatujatawanyika. Baba alimtazama kama mtu aliyepandwa na homa.

"Mama Wekesa, si twende tu Chania? Maporomoko yako hapo, hatulipi kitu. Tunasimama kwa daraja tunaangalia maji."

"Chania wameona hadi wamechoka," mama akasema. "Nataka waende mahali watakumbuka walikuwa wote."

Baba hakubisha tena. Tiketi za watu kumi na wawili hazikuwezekana hata kwa ndoto, lakini mama alikuwa ameulizia kwa shangazi na kugundua kwamba shule zilikuwa na bei yao, nafuu sana. Masharti yalikuwa matatu: wanafunzi wasipungue kumi, wawe na barua yenye muhuri, na mwalimu mmoja angeingia bure. Alipofika hapo akaligeukia lile jora. Sote tukaligeukia. Katika maisha yangu sijawahi kuona mpango uliokaa sawasawa namna ile, na ndiyo maana sijawahi kuuamini mwingine.

Kwa majuma matatu cherehani haikupoa. Mama alishona marinda sita na mashati manne, akapunguza hapa na kuongeza pale, hata Naliaka akapata rinda dogo lenye kola, ingawa alikuwa hajawahi kukanyaga shule. Wekesa aliandika barua kwa mwandiko wake wa kulala. Baba, ambaye mwanzoni hakutaka kusikia habari hizi, alichukua kisigino cha ndara kuukuu, akakichonga kwa wembe siku mbili nzima mpaka kikawa muhuri. Jina la shule alilichagua yeye: Shule ya Msingi ya Mto Mkavu. Wekesa alipomuuliza kwa nini mkavu, baba alisema mwenye macho haulizi. Nilimwona akiupiga muhuri wake kwenye gazeti mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na ilikuwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe mikono yake kuwa na shughuli.

Tatizo lilikuwa Naliaka. Bila yeye tulikuwa tisa, na tisa haikuwa shule. Lakini mtoto wa miaka minne hajui siri ni nini. Angeweza kufika langoni, akaivuta sketi ya mama, akaita "mama" mbele ya mkata tiketi, na safari ikaishia hapo. Kwa hiyo ikatolewa amri kwamba nyumbani mwetu hakuna mama tena, kuna mwalimu. Mkubwa akiteleza aoshe masufuria. Naliaka nilikabidhiwa mimi. Nilimfunza kwa bidii ambayo sikuwahi kuiweka katika masomo yangu mwenyewe. Akisema "mama" nilimfinya sikio. Akisema "mwalimu" nilimlambisha sukari niliyoichota kwenye mkebe kwa kidole. Nililitaka lile gurudumu kubwa kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilijua Wekesa anakwenda Kitale na pacha wanakwenda kwa nyanya, na badala ya kuwalilia nilikuwa nikiwaza tu nitakaa kiti kipi. Siku moja mchana Naliaka alijikwaa uani, goti likachanika, akainuka damu ikimtiririka na kukimbilia mlangoni akilia, "Mwalimu! Mwalimu!" Tukapiga makofi sote. Mama alimnyanyua, akamkalisha mapajani na kumpulizia kidonda. Yeye hakupiga makofi.

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, nyuma ya pikapu ya mume wa shangazi, tumesimama kwa mistari kama mikebe ya rangi moja. Langoni mkata tiketi aliisoma barua, akatuhesabu kwa kalamu, akapima kimo cha Naliaka kwa macho.

"Hata huyu ni wa shule?"

"Nasari," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya ualimu kweli, ngumu kidogo, nami nikajivuna. Naliaka alisimama kimya amekamata kidole changu. Tukaingia. Baba alibaki nje, kwa kuwa mwalimu wa bure alikuwa mmoja tu. Aliketi juu ya jiwe kando ya ua wa waya na mahindi yake mawili ya kuchoma, akatupungia mkono kama mtu aliyekuja kusindikiza wageni.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Pacha walipanda farasi mpaka wakatapika. Wekesa aliyekuwa akijiona mwanamume aligongana na kila gari lililokuwepo. Mama alituzungukia na chupa ya chai na mkate, akituita kwa majina mawili mawili kama walimu wafanyavyo, na kila baada ya muda alisimama akatuhesabu, moja hadi kumi, midomo ikicheza. Kisha ilipofika saa nane alihesabu akakuta tisa. Akahesabu tena. Tulikimbia huku na huko karibu saa nzima, hata nikamsikia mama akianza kuomba kwa lugha ya nyumbani, jambo ambalo hakulifanya mbele ya watu. Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba mwalimu wa Shule ya Msingi ya Mto Mkavu aende ofisini kuchukua mwanafunzi wake.

Mama alifika mbele, mimi nikawa nyuma yake mlangoni. Naliaka alikuwa amekaa juu ya meza, miguu ikining'inia, chupa ya soda mkononi. Askari mmoja alikuwa amesimama kando yake na daftari.

"Tunamuuliza mama yako ako wapi, anasema hana," askari akasema. "Anasema amekuja na mwalimu. Sasa wewe ni mwalimu gani unapoteza mtoto wa wenyewe?"

Mama alimpita. Aliisahau shule, akaisahau barua, akasahau kila kitu tulichopanga. Alimshika Naliaka uso kwa mikono miwili. "Naliaka, ni mimi. Ni mama. Sema mama."

Askari akainama. "Ati huyu ni mama yako?"

Naliaka hakumtazama askari wala mama. Alinitazama mimi. Alitaka kujua kama hili nalo ni jaribio, kama kuna sukari au kuna kufinywa. Na mimi mkononi nilikuwa na tiketi yangu ya gurudumu, sijaitumia bado, zamu yetu ilikuwa imefika wakati yeye alipopotea. Niliwaza kwamba wakijua watatutoa sasa hivi. Nikatikisa kichwa. Nilikitikisa kidogo tu, lakini alikuwa amefunzwa vizuri.

"Hapana," akasema Naliaka. "Ni mwalimu."

Askari alicheka, akasema walimu wa siku hizi wanajua kujipendekeza, akamsukumia mama daftari. Mama akaandika Mto Mkavu pale palipoandikwa jina la shule, na pale palipoandikwa cheo akaandika mwalimu. Nilipanda gurudumu. Kutoka juu niliwaona wote: ndugu zangu wakiwa nukta za kijani kwenye nyasi, baba juu ya jiwe lake nje ya ua, na mama kwenye benchi amempakata Naliaka. Na nilifurahi. Hilo ndilo ninalolichukia zaidi nikilikumbuka, kwamba kule juu nilifurahi, nikacheka kwa sauti.

Januari tulikuwa tumeshatawanyika. Sisi watatu tuliosalia tulihamia chumba kimoja, hapo hapo Makongeni, na mwezi wa pili mama na mimi tukaenda Membley kumwona Naliaka. Alikuwa amenenepa, amevaa soksi nyeupe. Alituona langoni akakimbilia ndani akipaza sauti, "Mama! Mwalimu amekuja!" Shangazi alitoka akicheka, akisema mtoto huyu ana vituko, na mama naye akacheka. Njiani kurudi alitazama nje ya dirisha mpaka tulipoanza kuona mabati ya Thika. Hapo akasema, bila kunigeukia, "Ulimfunza vizuri." Sikujua kama aliniona siku ile pale mlangoni. Sijui hadi leo, na sina ujasiri wa kumuuliza.

Baba alifariki bila kupata tena kazi ya kudumu. Hatukuwahi kuwa kumi mahali pamoja tena isipokuwa mazikoni mwake, na hata huko pacha mmoja alichelewa. Siku hizi barabara ya Thika ni pana, kutoka Makongeni hadi Membley ni kufumba na kufumbua, na bustani za michezo zimejaa kila upande. Watoto wangu wamezipanda hizo bembea mpaka wamezichoka kama sisi tulivyoichoka Chania. Naliaka alisoma, ana kazi nzuri, na ndiye anayenunua dawa za mama za presha. Anampenda, hilo sina shaka nalo. Lakini jina ni lile lile. Shemeji na wakwe wanafikiri mama alikuwa mwalimu wa kweli. Wengine humuuliza alifundisha shule gani, naye husema ilifungwa.

Desemba iliyopita tulikuwa kwa mama, Naliaka amekuja na binti yake wa miaka mitano. Mtoto alimsikia mamake akiuliza kama mwalimu amekunywa dawa, akauliza, kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona, "Kwani nyanya ni mwalimu wa nani? Si ni mama yako?"

Naliaka akageuka. Huwa anasema haikumbuki ile siku ya bustani hata kidogo, na mimi humwamini. Lakini hakumtazama mtoto wala hakumtazama mama. Alinitazama mimi, vile vile, kama kutoka juu ya meza ile ya ofisini, kwa macho ya miaka minne. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mkono umesimama na kikombe kitupu, naye akinitazama. Safari hii haikuhitaji tiketi wala barua yenye muhuri. Ilitosha niitikie kwa kichwa tu, mara moja, naye aseme mama.

Nikainama nikaichukua chupa, nikaanza kumimina chai.