Shika Bukta

Walisema sitamaliza raundi mbili. Walisema mjukuu wa msuka kamba atakufa akisuka kamba, na kwamba miguu yangu ni ya kukimbiza mbuzi, si ya ulingoni. Rafiki yangu, leo nina vikombe vinne kabatini na diploma ya ufundi wa maji ukutani, na waliosema hayo huniamkia kwanza tukikutana sokoni Kasikeu.

Juzi niliteremka mtoni kuwaonyesha wanangu ulingo wetu. Haupo. Malori yamezoa mchanga wote, yakabakiza mwamba.

Miaka ya sabini mchanga ule ulimeza vifundo vya miguu. Kocha, mwanajeshi mstaafu mwenye pua iliyolala upande, alisimika vigingi vinne akazungusha kamba ya katani aliyoisuka nyanya yangu. Alisema anayeweza kukata kona mchangani, kwenye ulingo wa mbao atapaa. Tulifika tukiwa tumeshateka maji, muthokoi wa jana, mahindi yaliyokobolewa na maharage, ukiwa baridi kwenye mkebe, na mgongo ukiegemea kamba uliwashwa hadi jioni.

Glavu zilikuwa jozi moja. Kwa hiyo wawili wakiingia kufanya sparing, mmoja alivaa ya kushoto, mwingine ya kulia, na mkono mtupu ulishika kiuno cha bukta. Ukiachia, umefukuzwa. Bukta zetu hazikuwa na lastiki, basi watazamaji walisema sheria ile inalinda macho ya mwenzako na heshima yako kwa pamoja.

Mpinzani wangu wa kila siku alikuwa mtoto wa jirani, na alikuwa fundi kunishinda. Nakiri, ingawa kukiri si desturi yangu. Nikimfuata hayupo, nikisimama, yuko ubavuni. Kocha alikuwa apeleke kijana mmoja tu kwenye mashindano ya Machakos, ambako waajiri walikuja kutafuta mabondia wa timu zao. Sote tulijua ni nani.

Siku ya mwisho ya mazoezi alinibana kwenye kona, akanidonoa pua mara tatu, polepole, kama anayebisha hodi.

"Shika bukta vizuri, mtoto wa nyanya," akaniambia. "Ikianguka watu wataona yote uliyorithi."

Watu wakacheka. Nikaachia bukta. Mkono mtupu ukaingia kwenye jicho lake la kushoto.

Alikaa mchangani, damu ikimtoka kati ya kope, mkono wake mtupu bado umeshika bukta.

Zahanati ilimtuma hospitali, hospitali ikamrudisha na jicho moja. Kocha hakunisemesha wiki mbili, kisha akanipeleka Machakos, kwa sababu hakuwa na mwingine. Mwalimu wa shule aliniazima raba, mzee wa kanisa koti. Nyanya alinifungia viazi vitamu, akasema, "Vya kuazima hurudi kwa mwenyewe. Na hiyo nafasi pia umeazima."

Nilishinda. Nikaajiriwa, nikasoma, nikatunukiwa diploma mbele ya watu.

Baada ya miaka kumi nilirudi kulipa. Mwalimu alipata raba mpya, mzee koti la sufu. Mwisho nilifika kwa mtoto wa jirani nikimvuta ng'ombe wa maziwa. Alikuwa akitengeneza boma la mbuzi. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akaweka panga chini.

"Simama hapo," akasema. "Shika suruali."

Nilishika mshipi kwa mkono mmoja, mwingine nikauacha uning'inie. Akarusha ngumi ile ile ya zamani, kwa kasi ile ile. Ikapita kando ya shavu langu. Nikasikia upepo wake tu. Jicho moja halipimi umbali. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mimi, niliyesifiwa Machakos nzima kwa kichwa kisichotulia, ningeweza kukisogeza nikaipokea. Ilikuwa inchi mbili tu. Sikusogea.

Akachukua kamba ya ng'ombe mkononi mwangu.

"Basi," akasema, "tumelipana."

Nikaachia mshipi.