Uzi Kiunoni mwa Mke Wangu

Darasa la tano sikulimaliza, lakini mashine za kubangua korosho ninazo tatu kule Nanyamba, na nyumba ya Magomeni nimeijenga bila kushikwa mkono na mtu. Sijawahi kumwogopa msomi. Siku ile nusura nianze.

Mke wangu, mimba ya miezi minne, aliamka anavuja damu. Nikampakia kwenye pikapu mpaka hospitali. Daktari, kijana wa kutoka bara, akafunua kanga, akaona kiunoni uzi mweusi wenye vipande vya mizizi. Kwetu bibi humfunga mjamzito uzi ule ili mimba ishike. Yeye akaona dawa ya kutolea mimba.

"Mama, umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu, dokta. Hii ni ya kuzuia isitoke."

"Wote mnasema hivyo." Akavua glavu. "Sema kweli ndipo nikusafishe kizazi. Imani yangu hainiruhusu kufunika uovu wa mtu."

Damu imeshapita godoro, inadondoka sakafuni. Midomo ya mke wangu imekuwa majivu. Nesi mmoja mtu mzima, Mmakonde mwenzetu, akasema taratibu, "Dokta, uzi huo hata mimi nilifungwa." Daktari akavuta faili.

Ningeweza kuapa kwamba hakunywa kitu. Nikaona nikiapa, nimekubali kwamba kuna mwanamke wa kuachwa afe.

"Haya, bwana mdogo. Andika katoa. Andika na mimi ndiye niliyemtuma. Sasa aliyetoa hasafishwi?"

"Mzee, toka nje."

"Sitoki. Nitoe pamoja na kitanda chake."

Nesi keshaning'iniza dripu, akamsogezea daktari glavu mpya. Kijana akanitazama, akatazama sakafu, akazivaa.

Mimba haikuokoka. Mke wangu alipona. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, akimenya muhogo, akalipuka:

"Umeniita mtoa mimba mbele za watu! Sasa mtaa mzima wananijua!"

"Wanakujua ukiwa hai."

"Si ungemweleza tu?"

"Ulimweleza wewe, na nesi naye akamweleza. Damu hakuiona, angeuelewa uzi?"

Akachukua muhogo mwingine. Ndugu wananisukuma nikamwombe radhi yule kijana. Siendi ng'o.

"Na uzi wangu kautupa," akasema mke wangu.

"Mimba ikiingia tena, bibi atakufunga mwingine. Na hospitali tutakwenda ileile."