Punje Tatu za Mchele

Buanali wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: mkono wake na mwanawe. Mkono ulikuwa wa kutengeneza machubwi, vile vizito vya risasi vinavyofungwa chini ya nyavu ili zizame na kulala sawasawa. Mwana alikuwa Chaquir, wa mwaka mmoja na miezi kidogo, aliyejua kutamka vizuri neno moja tu, nalo lilikuwa "toka."

Toka hiyo haikuchagua mtu. Kuku akiingia ukumbini, toka. Mjomba akifika kutoka Quiterajo na mkungu wa ndizi begani, toka. Siku moja mkuu wa mtaa alikuja kuandikisha watu wa kupewa vyandarua, akavuta kiti, akakaa. Chaquir alimtazama kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kofia, akamwambia toka, na mkuu wa mtaa akashtukia ameshasimama. Buanali alicheka mpaka akalala chali mkekani. Alisema huyu si mtoto, huyu ni administrador, mkuu wa wilaya, aliyecheleweshwa na mambo ya kuzaliwa.

Kazi nayo ilikuwa imemnyookea. Zamani risasi ya kuyeyusha ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, kipande huku na kipande kule. Lakini tangu habari zitoke kwamba chini ya bahari yao kuna gesi, mji ulijaa magari ya wageni, na magari yakizeeka hutupa bateria. Buanali alizikusanya, akazipasua kwa shoka, akatoa risasi, akaiyeyusha nyuma ya jiko ndani ya sufuria iliyokatika mikono. Moshi ulipanda, vitone vikaruka mchangani, na kuku wa jirani yake Zainabo wakaja kuvidonoa wakidhani ni mtama.

Kuku hao walikuwa na jambo. Mwezi wa tatu walianza kutembea upande. Walitoka mlangoni wakielekea kibandani, wakajikuta kisimani. Zainabo alikuja kulalamika mara mbili kwamba vitu vya Buanali vinamharibia kuku. Buanali alimjibu kwa adabu kwamba kuku wake wamesikia habari za gesi, sasa wanajifunza mwendo wa kitajiri.

Sasa kwao Buanali kulikuwa na desturi iliyoanza kwa baba wa babu yake. Mtoto akizaliwa, huyeyushiwa machubwi mawili madogo kutoka kalibu moja. Moja huvalishwa mtoto shingoni kwa uzi mweusi, ili atulie duniani, asichukuliwe na mkondo. La pili, pacha wake, hulazwa kwenye sanduku la mama pamoja na hati ya ndoa. Ila kabla ya hapo hupimwa mbele ya watu, maana pacha lazima wawe pacha kweli.

Siku ya saba ya Chaquir, Buanali alitundika mizani yake ya vifuu viwili vya nazi, akaweka chubwi huku na chubwi kule, na kijiti kikasimama kimya kama kimepigiliwa misumari. Inzi akatua kwenye kifuu kimoja. Kifuu kikashuka. Inzi akaruka, kifuu kikarudi. Buanali aliwauliza wageni wote, mmoja mmoja, kama wameona. Zainabo alisema ameona, na kwamba ameuona pia wali ukipoa.

Meno yalipoanza kumwasha, Chaquir aligundua chubwi lake. Alilitia mdomoni, akalinyonya, akalisaga kwa fizi, akatulia. Buanali hakushangaa. Risasi ina utamu wake fulani, yeye mwenyewe aliwahi kuilamba utotoni. Cadija, mkewe, alipata nafasi ya kukuna nazi bila mtu kumwambia toka jikoni kwake. Nyumba nzima ikasema desturi ni nzuri.

Kisha toka ikaanza kupungua. Kwanza wageni hawakufukuzwa tena. Halafu mbuzi. Mtoto akawa anashika tumbo, anakataa uji, siku tatu zinapita bila choo, rangi imempauka viganjani. Asubuhi moja kuku wa Zainabo, yule mwenye kwenda upande kuliko wote, alimpanda Chaquir mguuni, akanywa maji kwenye kikombe chake, akajikung'uta, akashuka. Chaquir alimtazama tu. Hakusema kitu. Siku hiyo Buanali hakucheka tena.

Cadija alisema twende hospitali. Alisema tena siku ya pili, na ya tatu. Lakini Buanali alikuwa ameshampata mwenye kosa. Mwaka ule kila jambo lilikuwa na mwenye kosa mmoja. Samaki wakiadimika, gesi. Redio ikikoroma, gesi. Mwalimu akichelewa darasani, yeye mwenyewe aliwaambia wanafunzi ni gesi. Na wiki ile ile ambayo mtoto aliacha kusema, meli kubwa ya watafuta gesi ilionekana mbali upande wa kisiwa cha Vamizi, imesimama, ina mnara katikati kama kidole kinachoonya. Kwa Buanali hapo hapakuwa na la kuuliza. Meli imevuta hewa ya chini ya bahari, hewa imemwingia mtoto, neno limetoka. Hospitali haitibu meli, alisema. Meli hushtakiwa.

Akaenda kwenye ofisi ya utawala kwa senhor Ilídio, karani aliyeletwa kutoka Quelimane, mtu wa mhuri na subira. Buanali hakutaka fidia. Alitaka nahodha wa meli aje nyumbani kwake, avue viatu mlangoni, akae chini mkekani, amwombe Chaquir radhi kwa mdomo wake, kisha anywe chai, maana wao si watu wabaya. Ilídio aliandika yote. Alipofika kwenye chai aliuliza kama iwe na maziwa, na Buanali akasema nahodha atachagua.

Ila kuna kitu kimoja, akasema Ilídio. Malalamiko ya ugonjwa hayapigwi mhuri bila karatasi ya hospitali.

Buanali alirudi nyumbani mbio, akamwambia mkewe amvalishe mtoto upesi, wanakwenda hospitali, mbona mambo haya anayachelewesha. Cadija alijifunga kapulana yake ya kiunoni, na jinsi alivyoikaza ilikuwa jibu tosha.

Enfermeira Laurinda, muuguzi wa hapo, alikuwa mwenyeji wa Inhambane, kusini kabisa. Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni, kwa hiyo hakikuwa na mapambo: aliongea na wagonjwa kana kwamba wanauza nyanya. Alivuta kope ya Chaquir, akaona ndani weupe wa kukosa damu. Akambonyeza tumbo. Akauliza anakula nini, analala wapi, anacheza wapi. Buanali akamwambia hayo yote hayahitajiki, yeye amekuja kuchukua karatasi ya meli tu. Laurinda alikuwa anatazama shingo ya mtoto. Akavaa glavu, akalishika lile chubwi, akaligeuza.

Lilikuwa na alama za meno pande zote, kama embe bichi lililoonjwa na panya.

"Senhor Buanali, hii ni risasi?"

"Risasi safi. Mkono wangu."

"Na anaitia mdomoni?"

"Tangu meno yaanze. Inamtuliza."

Laurinda alikata uzi kwa mkasi pale pale. Akasema risasi ni sumu, na kwa mtoto mdogo ni sumu zaidi. Buanali alivimba. Babu yake alivaa, baba yake alivaa, yeye alivaa, na wote walikua wakawa watu. Laurinda akamuuliza kama alipokuwa mtoto alipata shida shuleni. Buanali akasema shule haina uhusiano na mambo haya, alirudia darasa la pili mara tatu kwa sababu mwalimu alikuwa na chuki. Foleni ya akina mama ikakohoa kwa pamoja.

Hapo ndipo akatoa hoja yake kubwa. Ili sumu imwingie mtoto, alisema, lazima itoke kwenye chubwi. Na chubwi lake halijapungua kitu. Analo pacha, ataleta mizani, waone wote.

Akaondoka kwa kasi. Akarudi na vifuu vyake, kijiti, na pacha amefungwa kwenye kitambaa pamoja na hati ya ndoa, maana kwa haraka hakuvitenganisha. Nyuma yake alikuwa Zainabo na kuku kwapani. Zainabo hakualikwa. Alisema kama leo ni siku ya ushahidi, na yeye shahidi wake huyu hapa. Akamweka kuku chini kwenye ukumbi wa hospitali, na kuku, bila kusukumwa, akaondoka upande mpaka akagonga ukuta.

Buanali alitundika mizani kwenye msumari wa tangazo la chanjo. Akaweka pacha huku na chubwi la Chaquir kule. Foleni yote ilisimama. Hata mzee aliyekuja na jino alisahau jino.

Kifuu cha pacha kikashuka.

Buanali akasema ni upepo. Wakafunga dirisha. Kifuu kikabaki chini. Akasema kuna mate yaliyokauka, akayafuta machubwi yote mawili kwa shati. Kikabaki chini. Akabadilisha vifuu, cha kushoto kulia, na pacha akashuka upande huo pia. Mama mmoja aliyekuwa amemchambulia mgonjwa wake mchele alisogeza ungo. Buanali akachukua punje moja, akaitia upande wa chubwi la mtoto. Kijiti kikatikisika. Ya pili. Ya tatu.

Kijiti kikasimama kimya, kama siku ile ya saba.

Buanali alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini yeye pia alikuwa mtu wa mizani. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wavuvi kwamba watu hudanganya, samaki hudanganya, ila mizani yake haijui kudanganya. Alizihesabu tena zile punje tatu. Kisha akamtazama Chaquir, aliyekuwa ameegemea bega la mama yake na macho wazi.

"Ni kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Enfermeira, ni punje tatu tu."

"Kwako wewe ni kidogo," akasema Laurinda. "Yeye amezila polepole, kila siku kidogo, na mwili wake unadhani ni chakula cha mifupa, unaweka akiba. Sumu hii haingoji ijae kikombe. Kichwa chake bado kinajengwa, ndugu yangu. Wewe umetia takataka kwenye chokaa ya kujengea."

Hakumpa karatasi ya meli. Alimpa ya kipimo cha damu itakayopelekwa mbali kupimwa, dawa ya kuongeza damu, na amri. Mtoto ale dagaa na mifupa yake, mboga za majani, maziwa yakipatikana. Asiguse vitu vya risasi tena. Kuyeyusha nyuma ya jiko, basi. Mchanga wa pale uchotwe na kuzikwa mbali. Nguo za kazi zisiingie ndani. Cadija aliuliza lile alilokuwa nalo tumboni tangu siku ya kuku na kikombe: neno lake litarudi? Laurinda hakumdanganya. Alisema wengi hupata nafuu wakiwahishwa, wengine hubaki nyuma kidogo, na yeye hawezi kuahidi neno.

Siku ya pili Buanali alikwenda kwa Ilídio. Karani alikuwa ameshapiga chapa nusu ya barua. Buanali akamwambia mshtakiwa si nahodha. Ilídio akauliza basi aandike nani. Buanali akataja jina lake mwenyewe, la baba yake, mtaa, na kazi. Ilídio alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema barua ya namna hiyo ofisi haina mahali pa kuipeleka.

Basi Buanali aliipeleka mwenyewe, kwa jembe. Siku nne alichota mchanga nyuma ya jiko mpaka pakawa na shimo la kufugia kamba. Alimlipa Zainabo kuku wawili wanaotembea mbele. Na akaanza kutengeneza machubwi ya udongo wa kuchoma. La kwanza lilipasuka, la pili likayeyuka majini kama biskuti, na wavuvi bandarini wakamuuliza kama nyavu sasa zinywe chai. La arubaini lilizama, likakaa. Alilipima na pacha wake wa udongo, akawaita watu waje waone.

Jambo moja alikuwa akilikwepa. Cadija hakulisahau. Asubuhi ya Idi, watu walipokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kutakana radhi, alitandika mkeka katikati ya ukumbi, akamkalisha Chaquir juu yake na kanzu mpya, akaweka birika pembeni.

"Baba Chaquir," alisema, "nahodha alitakiwa avue viatu."

Buanali alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki. Akavua viatu mlangoni. Akaingia, akakaa chini mkekani. Mtoto alikuwa ameanza kunenepa mashavu, lakini tangu ile asubuhi ya kuku hakuwa ametamka kitu, miezi mitatu na siku zake. Buanali alisogea mpaka magoti yao yakagusana. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa mimi. Unisamehe."

Chaquir alimtazama kuanzia miguu isiyo na viatu. Akapanda polepole, kanzu, ndevu, mpaka kofia. Akakunja uso.

"Toka," alisema.

Birika alilokuwa ameliinua likamponyoka Cadija. Buanali aliinuka, akatoka nje kama alivyoamriwa, akaenda kusimama uani peku, analia na kucheka, na Zainabo alipochungulia kuuliza kuna nini, akamwambia asisogee karibu, mwenye nyumba hataki watu.