Maji Waliyoyakataa Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja Butiama, mfugaji akaegemea kaunta mbele ya afisa wa mazingira.

"Ng'ombe zangu zimenusa maji ya mto, zikageuka. Hapo zinakunywaga kila siku. Wazuieni watu kuchota kwanza."

"Mzee, bila majibu ya maabara siwezi kutangaza. Tusubiri."

Mfugaji alivaa kofia yake polepole. "Sisi asubuhi tulishapikia uji," alisema, akatoka.

Afisa akasogea dirishani na simu, mkono umeziba mdomo. "Mama watoto, hayo maji msiyaguse. Mwaga yote."

Kumbe tahadhari anaijua vizuri, ila inaishia getini kwake. Mimi nilikuwa na chai ya ofisi mdomoni, sijui nimeze au niteme.